Elimu ya Nafsi katika Milima ya Usambara

Somo la saikolojia, ambalo kamusi za Kiswahili hulipa pia jina la elimunafsi, lina umri mdogo katika vyuo vikuu vya Tanzania na umri mdogo zaidi katika Milima ya Usambara, kwa kuwa chuo cha Magamba, kilichoanzishwa juu ya mji wa Lushoto na Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kilifungua milango yake mwaka 2007. Hata hivyo mambo yenyewe ambayo somo hilo huyachunguza, yaani jinsi mtu anavyofikiri, anavyoumia moyoni, anavyopotewa na akili na anavyorudishwa kuishi na wenzake, yalikwisha kufanyiwa kazi katika milima hiyo kwa vizazi vingi, kwanza na waganga na wazee wa koo, kisha na mashemasi wa Kijerumani, kisha na walimu wa watoto wasioona. Kijana aliyetoka kata ya Mgwashi, upande wa Bumbuli, na kwenda Magamba kusomea shahada ya kwanza, alitoka katika elimu moja ya nafsi isiyoandikwa na kuingia katika nyingine iliyoandikwa, na sehemu kubwa ya ugumu wa masomo yake, pamoja na sehemu kubwa ya faida yake, ilitokana na safari hiyo.

Elimu ile isiyoandikwa ilikuwa na msamiati wake. Katika ufalme wa Washambaa chini ya ukoo wa Wakilindi, ambao mapokeo yanasema uliasisiwa na Mbegha, mwindaji aliyetoka Ngulu, na ambao makao yake makuu yalikuwa Vugha, hali ya watu ilielezwa kwa kauli mbili za Kishambaa: kuzifya shi, yaani kuiponya nchi au kuitengeneza, na kubana shi, yaani kuiharibu. Mwanahistoria Steven Feierman, ambaye alichapisha kitabu juu ya ufalme wa Washambaa mwaka 1974 na kingine juu ya fikra za wakulima wake mwaka 1990, ameonyesha kwamba kauli hizo mbili zilikusanya mahali pamoja mambo ambayo vyuo vya leo huyagawa katika idara nyingi, kwani mvua, njaa, amani kati ya watawala na uzima wa mtu mmoja mmoja vilihesabiwa kuwa mambo yanayoshikana. Alipofariki mfalme Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, na warithi wake wakaanza kupigana na kuuza watu utumwani, wananchi hawakuwa na haja ya kutenganisha siasa iliyovunjika na mioyo iliyovunjika, kwa sababu lugha yao ilikwisha kuyaweka yote mawili katika kitenzi kimoja.

Kwa mtu aliyeshikwa na majonzi yasiyokwisha au aliyeanza kusema peke yake njiani, fikra hiyo ilimaanisha kwamba kabla ya kuulizwa ana nini, iliulizwa kwanza uhusiano gani umeharibika na nani ameuharibu. Jamaa ndio waliokaa kikao, ndio walioamua aende kwa mganga yupi na arudi lini, na ndio waliobeba gharama. Mgonjwa hakwenda peke yake mbele ya mtaalamu, na hata leo katika hospitali za Usambara ni nadra kumwona amekwenda peke yake. Wanaanthropolojia wa tiba, wakiongozwa na John Janzen aliyefanya kazi Kongo, wameupa utaratibu huo jina la kundi la wasimamizi wa tiba, yaani ndugu wanaosimama kati ya mgonjwa na mponyaji. Haifai kuupamba utaratibu huo kupita kiasi, kwa kuwa swali lilelile la nani ameharibu ndilo lililofungua mlango wa tuhuma za uchawi, na tuhuma hizo mara nyingi ziliwaangukia walio wanyonge. Lakini haifai pia kuusahau, maana uliweka msingi ambao kila taasisi iliyokuja baadaye ililazimika kujenga juu yake, hata pale ambapo haikutambua.

Mwaka 1891 wamisionari Johanssen na Wohlrab walifika Mlalo na kuanzisha kituo cha kwanza cha misheni ya Kilutheri katika Usambara ya Magharibi, na vituo vingine vikafuata Mtae mwaka 1893, Vugha mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Mwaka huohuo wa 1891, katika Chuo cha Wellesley nchini Marekani, mwalimu mmoja mwanamke aitwaye Mary Whiton Calkins alifungua maabara ya saikolojia kwa ajili ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Wellesley ni chuo cha aina ambayo Wamarekani huipenda sana, yaani chuo kidogo kinachotoa elimu pana, ambamo kijana husoma falsafa, historia, lugha, hisabati na sayansi kwa pamoja badala ya kufungwa tangu siku ya kwanza katika taaluma moja. Vyuo vingi vya namna hiyo vilianzishwa na makanisa, na kwa muda mrefu somo la nafsi lilifundishwa humo kama falsafa ya akili na maadili, mara nyingi na mkuu wa chuo ambaye alikuwa mchungaji, kwa wanafunzi waliokaribia kuhitimu. Hatua ya Calkins ilikuwa kulitoa somo hilo katika mimbari na kulipeleka kwenye majaribio, kama Wilhelm Wundt alivyofanya Leipzig mwaka 1879. Calkins mwenyewe alisoma Harvard na kutimiza masharti yote ya shahada ya uzamivu, lakini akanyimwa kwa sababu ya jinsia yake. Mwaka 1905 wanasaikolojia wa Marekani walimchagua kuwa rais wa chama chao.

Usambara haikupata maabara ya aina hiyo. Ilichopata ni nyumba. Mwaka 1896, katika mlima wa Lutindi juu ya Korogwe, jumuiya ya Kiinjili ya Kijerumani ilijenga makao ya watoto waliokombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa, na mwaka 1904, watoto wa namna hiyo walipokuwa wamepungua, makao hayo yakageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ambayo ndiyo ya kwanza katika eneo lote lililokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani na ambayo bado inafanya kazi chini ya kanisa. Waliosimamia Lutindi walitoka katika malezi ya Betheli, kijiji cha matunzo kilichoanzishwa karibu na mji wa Bielefeld mwaka 1867 kwa ajili ya watu wenye kifafa na kuongozwa tangu mwaka 1872 na mchungaji Friedrich von Bodelschwingh. Katika Betheli tiba kuu ilikuwa kazi, utaratibu wa siku, ibada na kuishi pamoja. Mgonjwa alipewa jembe au chombo cha useremala, akapewa pia nafasi mezani. Mpango huo ndio uliopandishwa Lutindi, na kwa bahati uliwakuta watu ambao nao waliamini kwamba mtu haponi akiwa nje ya watu wake, ingawa nyumba yenyewe, kwa kuwa ilikuwa mbali na kwao wengi wa wagonjwa, ilifanya kinyume cha imani hiyo kwa kuwatoa miongoni mwa jamaa zao.

Umuhimu wa Lutindi huonekana vizuri zaidi inapowekwa kando ya Amani. Katika Usambara ya Mashariki, Wajerumani walifungua mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo iliyokuwa na maabara, bustani ya majaribio na wataalamu waliosomea kazi hiyo, na habari zake zilisomwa na wanasayansi wa nchi nyingi. Miaka miwili baadaye, katika milima hiyohiyo, akili ya binadamu ilikabidhiwa kwa mashemasi, yaani wahudumu wa kanisa waliofunzwa udiakonia, ambao kazi yao ilikuwa kutunza. Serikali ya kikoloni ilitaka kujua mbegu ipi ingestawi. Kuhusu nafsi za watu waliotawaliwa, ilitosheka kama wale waliosumbua wangepata mahali pa kuwekwa. Ni mwaka huohuo wa 1904 ambapo Emil Kraepelin, daktari wa magonjwa ya akili aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Wundt, alisafiri hadi kisiwa cha Java kulinganisha wagonjwa wa huko na wa Ujerumani. Hakuna Kraepelin aliyepanda Lutindi katika miaka hiyo ya mwanzo, na kwa hiyo kilichorithiwa ni mazoea ya mikono kuliko nadharia.

Wundt mwenyewe alifika karibu zaidi na Usambara kwa njia isiyotarajiwa. Mbali na maabara yake, aliandika juzuu nyingi juu ya alichokiona kuwa nusu ya pili ya saikolojia, yaani uchunguzi wa lugha, ngano na mila za jamii, kwa kuwa aliamini kwamba fikra za juu haziwezi kupimwa kwa saa na vyombo peke yake. Mawazo hayo yalimwathiri Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefanya kazi miongoni mwa Wachaga wa Kilimanjaro na kuandika kwa kirefu juu ya ukoo, ujirani na mafunzo ya jando. Mwanafunzi wa Tanzania anayefundishwa kwamba saikolojia ilizaliwa katika maabara ya Leipzig anastahili kufundishwa pia kwamba mwenye maabara hiyo aliona haitoshi, na kwamba nusu ile ya pili ilipata mfuasi katika mlima anaoufahamu.

Chini ya Waingereza hali haikuboreka upande wa elimu. Hospitali kubwa ya wagonjwa wa akili ilijengwa Dodoma mwaka 1927, ile ambayo leo huitwa Mirembe, na Usambara ikabaki na Lutindi yake. Wakati huo saikolojia ya Afrika Mashariki ilijengwa juu ya kazi ya Nairobi, ambako J. C. Carothers alisimamia Hospitali ya Mathari kabla ya kuchapisha mwaka 1953 kwa Shirika la Afya Duniani kitabu juu ya akili ya Mwafrika katika afya na ugonjwa, na mwaka uliofuata akaiandikia serikali ya Kenya taarifa juu ya saikolojia ya Mau Mau. Katika maandishi hayo watu waliodai ardhi yao waligeuzwa kuwa watu wenye kasoro ya nafsi. Frantz Fanon, daktari wa akili aliyefanya kazi Algeria, aliyapinga maandishi hayo kwa nguvu, na alikuwa na haki, kwa sababu taaluma inayoligeuza lalamiko kuwa dalili ya ugonjwa imekwisha kuchagua upande.

Usambara nayo ilikuwa na lalamiko lake katika miaka hiyohiyo. Mpango wa kuhifadhi udongo ulioanza katika bonde la Mlalo baada ya Vita Kuu ya Pili uliwalazimisha wakulima kuchimba matuta katika mashamba ya milimani, na maofisa walipoona watu wanakataa, waliona ukaidi na ujinga. Wakulima nao walisema nchi inaharibiwa. Kauli ya zamani ya Vugha ilirudi ikiwa na maana mpya, na waliotaka kuelewa hofu, hasira na matumaini ya watu wa milima katika muongo wa mwisho wa ukoloni wangefaidika zaidi kwa kusikiliza kitenzi hicho kuliko kwa kusoma kitabu cha Carothers.

Baada ya Uhuru, saikolojia iliingia katika elimu ya juu ya Tanzania kwa mkono wa ualimu. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na katika vyuo vya ualimu lilifundishwa somo la saikolojia ya elimu, linaloeleza jinsi mtoto anavyokua, anavyojifunza na anavyokumbuka, na kwa miaka mingi Mtanzania aliyetaka kuijua saikolojia katika shahada ya kwanza aliikuta ikiwa sehemu ya maandalizi ya mwalimu. Jambo hilo lilikuwa na hasara yake, kwa kuwa huzuni, kiwewe na maradhi ya akili yalibaki pembezoni mwa mtaala. Lakini lilikuwa na heshima yake pia, maana liliifikisha elimu hii, hata kama ni kwa vipande, kwa kila mwalimu aliyepangiwa shule ya kijijini, na hivyo shule za kata kama Mgwashi zilipata watu waliowahi angalau kusikia kwamba mtoto asiyesoma vizuri si lazima awe mvivu.

Usambara iliongeza kitu chake katika urithi huo. Mwaka 1963, mwaka uleule makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa kanisa moja la Tanzania, ilianzishwa Irente, karibu na mji wa Lushoto, shule ya watoto wasioona. Sebastian Kolowa, askofu wa Dayosisi ya Kaskazini Mashariki na mkuu wa kanisa hilo lote kuanzia mwaka 1976 hadi mwaka 1992, aliongoza dayosisi ambayo huduma kwa watu wenye ulemavu ilikuwa sehemu ya utambulisho wake. Mwaka 2005 ikaongezwa Irente shule nyingine, kwa watoto wenye ulemavu wa akili na wenye usonji, yaani hali inayoathiri namna mtoto anavyowasiliana na kuhusiana na wengine tangu utotoni. Chuo kilipofunguliwa Magamba miaka miwili baadaye na kupewa jina la Kolowa, kikiwa kwanza tawi la Chuo Kikuu cha Tumaini na baadaye chuo kikuu chenye kujitegemea, shahada iliyokitambulisha ilikuwa ya ualimu wa elimu maalumu, na baadaye ikaongezwa shahada ya sayansi ya afya ya akili na utengamao, neno ambalo katika huduma za afya za Tanzania humaanisha kumrejesha mtu katika uwezo wa kuishi na kufanya kazi. Mpangilio huo haukubuniwa ghafla. Lutindi, Irente na Magamba ni hatua tatu za mwendo mmoja.

Kwa umbo lake chuo cha Magamba kilifanana zaidi na vile vyuo vidogo vya Marekani kuliko vyuo vikuu vya mijini, kwa kuwa kilianzishwa na kanisa, kilikuwa mlimani kando ya msitu, na somo la nafsi lilikaa humo jirani na maadili. Tofauti ni kwamba Wellesley ililitoa somo hilo katika mimbari na kulipeleka maabara, ilhali Usambara ililitoa katika wodi na darasa la wasioona na kulipeleka chuoni. Mwanafunzi wa mahali kama hapo alikuwa na kitu ambacho wanafunzi wa vyuo vyenye vyombo vingi hukikosa: aliyoyasoma katika sura ya ukuaji wa mtoto yalikuwa Irente, na aliyoyasoma katika sura ya maradhi ya akili yalikuwa Lutindi, ndani ya milima hiyohiyo. Alichokikosa nacho kilikuwa kikubwa, kwa kuwa vitabu alivyosoma viliandikwa kwa sehemu kubwa na watu waliowachunguza wanafunzi wa Marekani na Ulaya.

Si kwamba Afrika Mashariki haimo vitabuni. Kati ya mwaka 1954 na mwaka 1955 Mary Ainsworth alitembelea familia 26 za vijiji vya Buganda, akawaangalia watoto wachanga 28 pamoja na mama zao, na kutokana na ziara hizo akachapisha mwaka 1967 kitabu kilichosaidia kujenga nadharia ya fungamano, yaani maelezo ya jinsi mtoto anavyomfanya mlezi wake kuwa kituo salama cha kuondokea na kurejea. Mallory Wober, aliyefundisha Makerere, alichunguza neno la Kiganda obugezi, ambalo hutafsiriwa kuwa akili, akakuta kwamba kwa wanakijiji lilikaribiana na utulivu na uangalifu, ilhali kwa waliosoma sana lilikaribiana na wepesi. Na huko Bagamoyo, Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, waliwapa watoto wa shule vipimo vya akili, wakawafundisha kwa muda mfupi mbinu za kushughulikia maswali ya namna hiyo, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, jambo linaloonyesha kwamba kipimo cha mara ya kwanza kilikuwa kimepima pia ugeni wa mtoto mbele ya karatasi ile. Tafiti tatu kama hizi, zikifundishwa kwa kina, zina thamani zaidi kwa mwanafunzi wa Usambara kuliko sura kumi zinazopitiwa haraka.

Lugha ndiyo sehemu ambayo historia hii bado haijakamilika. Kiswahili kina akili, nafsi na roho, maneno matatu yenye asili ya Kiarabu, na kina moyo, neno la Kibantu linalobeba karibu hisia zote: mtu hutiwa moyo, huvunjika moyo, hufa moyo, huweka jambo moyoni. Neno mwendawazimu lina ndani yake mizimu, yaani roho za waliokufa, na kwa hiyo lina nadharia nzima ya chanzo cha ugonjwa. Anayesema mgonjwa wa akili amebadilisha nadharia pamoja na jina. Wataalamu wa leo huandika sonona kwa huzuni nzito ya muda mrefu inayomwondolea mtu nguvu ya kuishi, na uteuzi huo ni mzuri kwa sababu kitenzi kusonona kilikuwepo tayari na kilimaanisha kuumia moyoni kimyakimya. Msongo, kiwewe, unasihi na utengamao vimepata nafasi katika ofisi na vyombo vya habari, lakini mihadhara, mitihani na ripoti za mafunzo kwa vitendo vya chuo kikuu huendeshwa kwa Kiingereza.

Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi wa saikolojia anayerudi Bumbuli au Mgwashi kukaa na familia ya mgonjwa hufanya kazi katika lugha tatu kwa siku moja. Asubuhi husikiliza kwa Kishambaa, ambamo bibi wa mgonjwa huanza na habari za shamba lililogombaniwa na ndugu wasiosalimiana; mchana humweleza mgonjwa mwenyewe kwa Kiswahili, akichagua kati ya sonona na maneno ya moyo; jioni huandika kwa Kiingereza ukurasa mmoja wenye visanduku vya kujaza, ambamo umri, dalili na muda wa ugonjwa vina nafasi zake, na ugomvi wa shamba, ambao bibi aliuweka mwanzo wa maelezo yake, huandikwa kwa herufi ndogo pembeni mwa karatasi.